Balbu Isiyoguswa

Obonyo alikuwa amelala kifudifudi katikati ya studio yake, mkono mmoja chini ya kifua. Damu ilikuwa imeganda kwenye zulia jekundu ambalo maharusi wengi wa mtaa wa Lucky Summer walikuwa wamelikanyaga wakipigwa picha. Kando yake stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, ilikuwa imeanguka ubavu, na mguu wake mmoja ulikuwa na damu.

Inspekta Mirriam Nyamai alisimama mlangoni akatazama kwanza bila kugusa kitu. Hakupenda kuharakishwa, na asubuhi hiyo kila mtu alikuwa na haraka naye. Umati ulikuwa umeziba njia nzima, kila mmoja akijua muuaji ni nani. Konstebo Muse aliwarudisha nyuma kwa maneno matamu na rungu.

Aliyemkuta marehemu alikuwa Triza, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyekuja kuazima pasi kama kawaida yake.

"Jana jioni ulisikia nini?" Nyamai alimuuliza.

"Kelele, madam. Yule mjane, Beldina, alikuwa anadai kanda yake ya video. Mara kitu ikaanguka, puu."

"Ukamwona?"

"Nikamwona akitoka analia, leso inaburuta chini. Mimi nikafunga kazi nikaenda kwaya."

"Alibeba kitu?"

"Hapo sijui. Sikumwangalia mikono."

Kwenye ngazi alikaa mwanamume wa makamo, macho mekundu, begi la turubai limekumbatiwa magotini. Huyo alikuwa Makokha, aliyefanya kazi na Obonyo tangu studio ifunguliwe. Obonyo alishika kamera, Makokha akashika taa. Katika harusi zote na matanga yote ya mitaa ile, watu walimjua kama mkono ulioinuliwa juu wenye mwanga mkali. Sura yake wachache waliikumbuka. Alieleza kwamba jana aliondoka mapema kwenda kwake Njiru, kabla Beldina hajafika, na hakurudi mpaka asubuhi.

"Begi lina nini?"

"Nyaya na balbu za akiba, afande. Siwezi kuziacha studio. Obonyo anazitupa pamoja na misumari, zinavunjika."

Alisema hivyo kama mtu anayemlalamikia mwenzake aliye hai, kisha akafuta machozi kwa kitambaa cheupe na kukirudisha mfukoni mwa shati. Nyamai alimhurumia. Huzuni ile haikuwa ya kuigiza, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye.

Rafu ya kanda ilikuwa na pengo moja. Kanda ya mazishi ya Opicho, mumewe Beldina, haikuwepo.

Kufikia mchana Beldina alikuwa seli.

Kisa chake kilijulikana. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipofariki, mwili ulipelekwa nyumbani Bungoma, na huko wazee wakamsimamisha Beldina kando ya jeneza kama mke, mbele ya kamera. Ile ndiyo picha ya mwisho, na kwa watu wa kule picha hiyo si pambo. Aliyesimama pale anajulikana ni nani, na asiyeonekana ataulizwa alikuwa wapi. Waliporudi Nairobi, shemeji yake Nahashon akageuka. Akaanza kusema kwamba Beldina alikuwa mpangaji tu kwa kaka yake. Kesi ya urithi ilikuwa karibu kusikizwa, na kanda ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wake pekee. Bila kanda angepoteza nyumba na haki ya wanawe. Sasa, juu ya hayo, alikuwa anaelekea kushtakiwa kwa mauaji, kosa la kitanzi.

"Ulishika stendi ya kamera?" Nyamai aliuliza.

"Niliishika nikaiangusha. Nilikuwa na hasira."

"Hasira ya nini?"

"Aliniambia kanda ni ya Nahashon kwa sababu ndiye aliyewaita kupiga video. Nimesimama kando ya jeneza la mume wangu, halafu naambiwa kanda si yangu."

"Ukampiga."

"Sikumpiga. Nilimwacha mzima, ananitukana."

"Kanda umeificha wapi?"

"Ningekuwa nayo, afande, ningelia njia nzima?"

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia zaidi. Mshukiwa yuko, sababu iko, alama za vidole vyake zimejaa kwenye stendi. Nahashon alikuwa kwenye mkutano wa kanisa mtaa wa Fedha jioni nzima, na mchungaji mwenyewe alithibitisha. Mkuu akaagiza Beldina afikishwe mahakamani Jumatatu. Nyamai alisema ndiyo, afande, kisha akatoka akiwa amekasirika sana, kwa sababu alikuwa ameiona sura ya mwanamke yule na hakuweza kuisahau.

Alirudi studio akiwa na Kitonga, mpiga picha wa polisi, aliyekuwa akinyunyizia unga wa kutafutia alama za vidole kila kitu kilichosalia.

Pembeni ilisimama stendi ya taa, wima, taa yake juu imeelekezwa ukutani kwa adabu. Kitonga aliinyunyizia, akainama, akaguna.

"Bomba la stendi limepanguswa," alisema. "Na balbu hii ni mpya. Haina alama hata moja."

"Imepanguswa pia?"

"Hapana. Haijaguswa kabisa. Balbu hizi haziguswi kwa mkono mtupu, afande. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo, ikipata moto inapasuka. Hata mimi nikilewa siishiki bila kitambaa."

Nyamai aligeukia zulia. Alipiga magoti akapitisha mkono kwenye zulia, taratibu, mpaka kitu kikamchoma. Kilikuwa kipande cha kioo, kidogo na kimepinda kama ukucha.

Jumamosi ripoti ya upasuaji wa maiti ikafika. Fuvu lilipasuliwa kwa chuma cha mviringo. Ndani ya nywele za marehemu daktari alikuta vipande vyembamba vya kioo. Nyamai alisoma mara mbili, kisha akaenda kuitazama stendi ya kamera katika chumba cha vielelezo. Miguu yake ilikuwa bapa. Ya taa ilikuwa bomba la mviringo.

Alimpelekea mkuu wa kituo maneno hayo moto moto. Obonyo alipigwa kwa stendi ya taa, balbu ikapasuka kichwani mwake. Muuaji akaokota vioo, akapangusa bomba, akaweka balbu mpya na kuisimamisha taa mahali pake. Kisha akaipaka damu stendi ya kamera, ambayo Beldina alikuwa ameiacha chini.

"Beldina mwenyewe alifanya hivyo," mkuu alijibu. "Alishika balbu kwa leso asiache alama."

"Mwenye akili ya kuficha alama kwenye balbu ataziacha zimejaa kwenye stendi yenye damu?"

Mkuu alikuna kidevu. Alimpa mpaka Jumapili jioni.

Jumapili baada ya ibada Nyamai aliwaita ofisini mmoja mmoja. Mezani aliweka taa ya studio, tupu, na balbu ndani ya kikasha chake. Kila mmoja alimwomba amsaidie kuiweka ili aone inavyowaka. Nahashon aliingia na suti yake ya kanisani, akaishika balbu kwa vidole vyote kama mtu anayechomoa muhogo. Beldina alitolewa seli. Naye pia akaishika hivyo hivyo, vidole vikaacha ukungu kwenye kioo. Alirudishwa ndani bila kuelezwa lolote.

Mwisho aliingia Makokha na begi lake. Muse akasimama mlangoni.

"Niwekee balbu hiyo, Makokha. Sisi hatujui mambo yenu."

Makokha aliitazama balbu ile, akaona ukungu wa vidole, akasikitika. Alitoa kitambaa mfukoni mwa shati, akaipangusa kwa uangalifu, akaishikia humo humo kitambaani na kuiingiza. Ilikaa mara moja.

"Nani aliishika hivi?" aliuliza. "Ingepasuka."

"Kama ile ya Alhamisi?"

Mikono ya Makokha ilibaki kwenye taa.

"Balbu za akiba hukaa wapi?" Nyamai aliuliza.

"Kwa begi yangu. Nilikuambia."

"Studio hakuna nyingine?"

"Hakuna."

"Na begi uliondoka nalo kabla ya Beldina kufika."

"Ndiyo."

"Basi nieleze. Balbu ilipasukia kichwani mwa Obonyo. Tulipofika asubuhi, taa ilikuwa na balbu mpya, haina alama ya kidole cha mtu. Hiyo ilitoka begi gani?"

Makokha alilivuta begi kifuani.

"Lete kitambaa."

Alikitoa polepole. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Nyamai alikikunjua chini ya ile taa yenyewe, akaiwasha. Ofisi nzima ikawa nyeupe. Katika upindo wa kitambaa, pale uzi ulipokaza, vijipande viwili vya kioo vilimetameta. Alisema vitapelekwa maabara pamoja na vile vya kwenye nywele za marehemu. Makokha akaketi bila kuambiwa.

"Zima taa, madam," alisema. "Tafadhali. Inaniumiza macho."

Nyamai akaizima.

"Ulikuwa unataka nini kwake?"

"Kanda ya mama yangu."

Nyamai alikuwa amejitayarisha kusikia habari za hongo ya Nahashon, au ugomvi wa kazi. Hakutarajia hilo. Akasogeza kiti.

Makokha akaeleza bila kupandisha sauti. Mama yake alizikwa mwaka uliopita. Obonyo alikubali kuja kupiga video, na wote wakashukuru. Lakini stendi ya taa alikuwa ameikodisha kwa harusi moja ya Fedha. Mwili ulifika jioni, ukawekwa sebuleni, mahali penye giza, na wazee wakaita watoto wa marehemu wajipange kwa picha ya mwisho. Makokha ndiye kifungua mimba. Alikuwa amesimama nyuma ya kamera, mkono juu, taa mkononi.

"Nilimwambia binamu yangu anishikie kidogo tu, niingie. Obonyo akakataa. Akasema huyo atatikisa, picha itaharibika. Ndugu zangu wote wako kando ya mama. Mimi niko na taa."

"Kwa nini hukuiweka chini?"

"Ningeiweka, mama angetoka kwa giza. Ningemfanyia hivyo?"

Muse aliinamisha kichwa.

"Nyumbani wananiuliza nilikuwa wapi," Makokha aliendelea. "Lakini nilijiambia, si neno, sauti yangu imo. Nililia pale nyuma ya taa, na kamera ilichukua. Alhamisi nilitaka kanda, kumbukumbu ya mama imekaribia. Nikarudi studio, nikamwona Beldina akitoka analia, yeye hakuniona. Nikamuuliza Obonyo. Akaniambia alirekodi juu yake. Besdei ya mtoto wa mtu. Alikosa kanda tupu, akachukua hiyo."

"Alikuomba radhi?"

"Alicheka. Akasema, kwani wewe ulikuwa ndani? Hata huonekani." Alifunika uso. "Stendi ilikuwa karibu na mkono wangu. Ile ile. Siku ya mama haikuwepo, siku hiyo ikawepo."

"Na Beldina? Ulitaka anyongwe kwa ajili yako?"

Hapo ndipo Makokha alipolia kwa sauti. Alisema alipoona stendi ya kamera iko chini, shetani alimpa wazo, na asubuhi hakuwa na ujasiri wa kusema ukweli. Aliichukua kanda ya Opicho ili ionekane Beldina ameiba. Nyamai alimuuliza kama aliichoma.

"Hapana, madam. Ni matanga ya mtu. Iko kwangu Njiru, chini ya kitanda, nimeifunga kwa shuka."

Alitia sahihi maelezo yake kwa mkono usiotetemeka. Kuhusu balbu, alisema hakukumbuka kutoa kitambaa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Beldina aliachiliwa jioni hiyo hiyo. Mkuu wa kituo alisema ilikuwa kazi nzuri, kana kwamba yeye ndiye aliyeiagiza. Muse alirudi kutoka Njiru na kanda, na kwa kuwa ilikuwa kielelezo, ilibidi itazamwe. Nyamai alimruhusu Beldina akae naye mbele ya televisheni ya kituo, akamweleza kisa cha Makokha na picha ya mama yake.

Picha ilianza kwa mstari mweupe, kisha sebule ya Bungoma ikatokea, mwanga umejaa. Beldina alijiona amesimama kando ya jeneza, kitambaa kichwani, mkono wa mzee mmoja begani mwake, na mzee akimtaja kama mke wa Opicho mbele ya watu wote. Nahashon alikuwa pale pale, akiitikia kwa kichwa. Beldina alishika kifua akashukuru Mungu.

Kisha kamera ikasogea karibu na kioo cha jeneza, kile cha kumwonea marehemu uso. Kwenye kioo iliakisiwa taswira ya mwanamume, mkono umeinuliwa, mwanga mkubwa ukitoka kiganjani mwake. Uso wa Makokha ulionekana vizuri. Nyamai akasimamisha picha.

"Ndiye huyo?" Beldina aliuliza.

"Ndiye."

"Mimi ningenyongwa, na yeye angenitazama tu." Alimnyoshea kidole pale kwenye kioo. "Siwezi kumsamehe, afande. Usiniombe hivyo."

"Sikuombi."

Beldina aliokota leso yake akajifunga kiunoni, tayari kwenda kuwachukua wanawe kwa jirani. Mlangoni alisita, akageuka kuitazama televisheni mara nyingine, na uso ule wa kwenye kioo.

"Mahakama ikimaliza na hiyo kanda," alisema, "muulizeni kama ana ndugu wa kupewa nakala. Wajue nyumbani kwamba huwa anakuwepo."