Nyuso za Kucheka Nilizomwekea Mke Wangu

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, naishi Tassia, orofa ya nne, ambako maji hupanda siku yakipenda. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mnisamehe nikizungukazunguka. Haya ninayowaambia hata mchungaji wangu hayajui.

Mke wangu, Mama Nekesa, ana ugonjwa wa hisia. Akipanda, hapati usingizi, anaimba, anafua mapazia ya majirani bila kuombwa. Akishuka, anageukia ukuta siku nyingi, hata chai haigusi. Miaka mingi mimi niliuita hasira. Kanisani wakauita pepo.

Ndipo akaja Halima, msichana anayefanya kazi na watafiti wa ugonjwa huo. Mtoto wa Majengo, mpole. (Majengo nilishona viatu zamani, lakini hayo tuyaache.) Akampa mke wangu kijitabu. Kila siku ukurasa mmoja, wenye nyuso tano, kuanzia inayolia hadi inayocheka. Jioni mgonjwa anaweka alama kwenye uso unaofanana na hali yake.

"Yeye mwenyewe, mzee," Halima akaniambia. "Nitapita kila Jumamosi. Nikikuta amelia siku tatu mfululizo, tunampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo."

"Huyu mume wangu angepewa chake," mke wangu akasema, "angejaza ule wa kununa mpaka kitabu kiishe."

Tukacheka sote.

Mwezi wa kwanza alijaza vizuri. Kisha akashuka... Ijumaa nikakuta kurasa za wiki nzima ziko wazi. Nikaona aibu. Mgeni anapanda ngazi zote hizo, utamwonyesha nini? Nikashika kalamu. Lakini ningewekaje uso wa kulia kwa mkono wangu? Niliona ni kama kumtakia mabaya. Tena niliogopa watamlaza hospitali, nibaki peke yangu.

Nikaweka wa kucheka. Siku zote saba.

Halima alipouliza mbona mama amelala mchana, nikasema amechoka na kufua. Akaangalia kijitabu, akanishukuru kwa kumtunza. Na mimi, jamani, nikapokea hizo shukrani! Wiki tatu nilifanya hivyo.

Jumanne moja adhuhuri nilikuwa sokoni nikichagua ndizi. Jirani akanipigia simu. Mama Nekesa alikuwa amejaribu kujitoa uhai. Walimwahi... walimwahi tu.

Wodini Halima alikuja na kijitabu. Akamuuliza taratibu, "Mama, mbona hapa kila siku ulikuwa unacheka?"

Mke wangu akazitazama zile alama. Kisha akanitazama mimi.

"Baba Nekesa, nilikuwa nazama, na wewe ukawaambia nacheka?"

Aliporuhusiwa kutoka alikwenda kwa dada yake, Komarock. Sikumzuia.

Halima alinipitia nyumbani siku chache baadaye. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya kila ukurasa nilioujaza.

"Hizi wiki tatu hatuwezi kuzitumia, mzee. Hatujui alikuwaje."

"Mimi najua," nikasema. "Nilikuwa naye humu humu."

Akaishika kalamu yake. "Basi niambie."

Nilijua alilalia ubavu gani, nilijua sahani zilizorudi na chakula. Yeye alikuwaje? Sikuwa nimemuuliza hata mara moja. Halima akafunika kalamu.

Sasa mke wangu anatumia dawa na anajaza mwenyewe. Kila Jumapili naenda Komarock kuketi naye. Kurudi nyumbani hajakutaja, na mimi sijathubutu kumuuliza.

Wasomaji wenzangu, kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, usimjibie. Mwache aseme hali yake ni mbaya, hata mbele ya wageni. Aibu yako haimtibu. Muulize wewe kabla hajaulizwa na mtu wa kalamu, kisha ukae hapo mpaka ajibu, hata jibu likichukua siku nzima.