Tarehe Aliyoitangaza Bitutu

Asubuhi za Kimulot huanza na ukungu. Hushuka kutoka msitu wa Mau, ukalala juu ya mashamba ya chai hata ua wa jirani usionekane. Wakati huo Bitutu huwa ameshawasha jiko na kuinjika maziwa. Kazi yake ni kuyaangalia yasimwagike, na mara nyingi humwagika, kwa kuwa Bitutu ni msichana wa kuwaza mbali. Ana miaka kumi na miwili, yuko gredi ya saba, na maneno hayamwishi mdomoni.

Mama yake, Phelis, alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha chai kilichokuwa upande wa pili wa barabara. Baba yake, Ratemo, alikuwa seremala mwenye karakana pale sokoni. Mwaka huo nyumba nzima ilikuwa na jambo moja tu la kuzungumzia: Mama alitaka kurudi chuoni kusomea shahada ya pili, ya biashara. Alikuwa ameahirisha masomo hayo mara mbili. Mara ya kwanza ni Bitutu alipozaliwa, na mara ya pili ni Baba alipovunjika mguu. Safari hii alikuwa ameapa kwamba hatarudi nyuma.

Lakini chuo alichokitaka hakikuwa cha kuingia hivi hivi. Kilikuwa na mtihani wa kujiunga, uliofanywa kwa kompyuta mwezi wa tano na mwezi wa nane. Mwombaji alijichagulia mwezi mwenyewe. Aliyeshindwa hakuruhusiwa kurudia hadi mwaka mzima upite.

"Sasa utachagua gani, Mei ama Agosti?" Baba aliuliza jioni moja wakila ugali.

"Sijaamua," Mama alijibu. "Wacha kwanza nijipime. Nikiwa tayari, nitajua."

Bitutu alisikia vizuri kabisa. Hakuwa kiziwi.

Jumapili iliyofuata Mama alikuwa zamu, na Baba alikuwa amekwenda kupima milango ya mteja, kwa hiyo Bitutu alikwenda kanisani peke yake. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Dorcus, waliyesoma naye darasa moja, alisimama akasema baba yake amehitimu diploma. Kanisa lilipiga makofi na kina mama wakapiga vigelegele. Dorcus aliporudi kwenye benchi alimtupia Bitutu jicho la pembeni, jicho la mtu aliyeshiba. Lilimchoma Bitutu. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amesimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mama yangu anaenda kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha biashara. Ataufanya mwezi wa tano. Naomba mumwombee."

Vigelegele vilikuwa vikubwa kuliko vya Dorcus. Mzee wa kanisa, Mzee Ombui, alipunga mkono. "Mwezi wa tano ni kesho kutwa! Kina mama, mmesikia?"

Walikuwa wamesikia. Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Mtu akiwa na jambo kubwa, kina mama waligawana siku, kila mmoja akafunga siku yake na kumwombea mwenzao mpaka jambo litimie. Jioni hiyo hiyo walifika nyumbani na unga, sukari na nyimbo. Kiongozi wao alikuwa Kemuma, mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kuongea polepole.

"Mama Bitutu, mbona ulitunyamazia?" alisema akimkumbatia Mama. "Tumeshagawana siku. Mimi naanza kufunga kesho!"

Mama alimtazama Baba. Baba akainua mabega. Wageni walipoondoka, Mama aliuliza, "Ni nani amewaambia ni mwezi wa tano?"

Bitutu alikuwa jikoni akiosha vikombe. Alikiosha kikombe kimoja mpaka kikombe chenyewe kikachoka.

"Lazima ni mtu wa kiwandani," Baba alisema. "Na si neno baya. Kwani mwezi wa tano una nini?"

"Una mvua," Mama alisema, na akaketi kitini kwa uzito.

Baba hakuhitaji kuelezwa. Masika yanaponyesha, chai huchipuka kwa fujo. Wakulima huchuma bila kupumua, malori hupanga foleni langoni mwa kiwanda, na wasimamizi wa zamu hulala wakisimama. Mwezi wa saba na wa nane ni baridi, majani hupungua, hata mashine hupumzishwa siku nyingine.

"Basi waambie ni Agosti," Baba alisema.

"Niwaambieje? Watu wameanza kufunga. Wataona nimeogopa. Watasema huyu kila mwaka anaahirisha." Mama alipumua kwa nguvu. "Basi iwe mwezi wa tano. Mungu ni mwema."

Kesho yake akajiandikisha.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Mama alirudi kutoka kiwandani nguo zikiwa zimelowa na macho mekundu, akafungua kompyuta, akajaribu maswali ya mazoezi. Ili aingie chuoni alihitaji alama sitini. Jaribio la kwanza alipata arobaini na nane. La pili arobaini na nne. La tatu Bitutu alichungulia juu ya bega lake, akaona thelathini na tisa. Alama zilikuwa zikishuka kama mtu anayeteremka kilima. Siku moja Mama alisinzia kijiko kikiwa mkononi, mchuzi ukamwagikia daftari la Bitutu. Akazinduka na kumfokea Bitutu kana kwamba ndiye aliyeumwaga. Bitutu alilipangusa daftari. Aliona kweli ndiye.

Alitaka kusema. Kila siku alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki zikawa mwezi. Na kila Jumapili Kemuma alimshika shavu na kumwambia, "Mwambie Mama bado tunafunga!" Bitutu akatamani ardhi ipasuke.

Jumamosi moja alasiri Mama alisahau miwani yake nyumbani, na Baba akamtuma Bitutu aipeleke. Mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Malori yaliyojaa majani yalikuwa yamejipanga kutoka langoni hadi barabarani, na madereva walikuwa wakipiga honi kwa hasira. Mlinzi alimjua Bitutu, akamwacha apite.

Alimkuta Mama kwenye ukumbi mkubwa, kando ya vitanda virefu vya wavu ambamo majani mabichi hutandazwa na kupulizwa hewa mpaka yanyauke. Kinyua, fundi wa mashine, alikuwa mbele yake amekunja uso.

"Madam, malori yamefika barabarani," Kinyua alisema. "Tuingize haya kwa mashine, tupate nafasi ya mengine."

Mama alichota majani, akayafumbata kwa nguvu, kisha akafungua kiganja. Majani yakafumuka na kutawanyika.

"Unaona? Yakinyauka yanakaa donge. Haya bado."

"Lakini yako karibu, madam. Na watu wanangoja."

"Wangoje. Nikiyaingiza sasa yatatoka uji, na hakuna atakayeyarudisha kwa mti. Si honi za madereva zinaniambia majani yako tayari, Kinyua. Ni majani yenyewe."

Kinyua alikwenda zake akinung'unika. Mama akageuka, akamwona Bitutu na miwani mkononi.

"Asante, mwanangu. Weka hapo, urudi nyumbani kabla mvua nyingine haijaanza."

Bitutu hakuondoka. Aliyatazama yale majani, akamtazama Mama, macho mekundu na yote.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Na wewe hujanyauka."

Mama aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mvua zianze. Lakini alipoona midomo ya mtoto ikitetemeka, aliacha kucheka.

"Ni mimi nilisema mwezi wa tano," Bitutu alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kanisani. Hakuna mtu wa kiwandani aliyesema. Dorcus alipigiwa makofi, na mimi nikataka nipigiwe. Wewe ulisema hujaamua, nilikusikia, na bado nikasema."

Mama aliichukua miwani kutoka mkononi mwa Bitutu.

"Na umekuwa ukiniona hivi mwezi mzima?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Umenyamaza tu?"

"Nilikuwa naogopa."

Mama alivaa miwani polepole. "Kuropoka ningekusamehe siku hiyo hiyo, maana ni mdomo tu. Lakini kuninyamazia mwezi mzima, Bitutu, hilo limeniuma sana." Akaufuta uso wa mtoto kwa ncha ya koti lake la kazi. "Na mimi si malaika. Alama niliziona. Nilijua siko tayari, lakini niliogopa maneno ya watu. Mwisho wa kubadilisha tarehe ni Jumatatu. Nitabadilisha. Ila kule kanisani ni nani atakayesema?"

"Mimi," Bitutu alisema.

Kesho yake, wakati wa ushuhuda, Bitutu alisimama. Safari hii Mama na Baba walikuwa benchi la nyuma, na Dorcus alikuwa amegeuka mzima mzima kumtazama.

"Bwana asifiwe. Nilisema Mama atafanya mtihani mwezi wa tano. Haikuwa kweli. Alikuwa hajachagua. Nilichagua mimi, ili mnipigie makofi, na mkafunga kwa sababu yangu. Ataufanya mwezi wa nane. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha sauti ya Kemuma ikatoka katikati ya kina mama, sauti ya mtu mwenye njaa.

"Yaani nimefunga bure?"

Mzee Ombui aliinuka akiegemea mkongojo wake. "Dada Kemuma, uliomba mtihani ufike haraka, ama uliomba mama huyu apite?"

"Niliomba apite."

"Basi ombi lako bado liko kazini."

Kanisa lilicheka. Kemuma naye akacheka, halafu akasema, "Sawa. Lakini Agosti nafunga nusu siku!"

Mvua ziliisha. Baridi ya mwezi wa saba ikaja, malori yakapungua, na Mama akaanza kurudi nyumbani jua likiwa bado liko juu. Baba alichukua zamu ya kupika, na ugali wake ulikuwa na mabonge, lakini hakuna aliyelalamika. Alama za mazoezi zilipanda hadi hamsini na tano, kisha sitini na tatu. Mwezi wa nane Mama alikwenda mjini Kericho kuufanya mtihani, usingizi ukiwa umemtosha.

Matokeo yalikuja kwa simu asubuhi moja ya ukungu. Mama alipiga ukelele, Bitutu akakimbia kutoka jikoni, na maziwa yakamwagika yote. Alikuwa amepata sitini na saba.

Siku hiyo hakuna aliyemgombeza kwa maziwa. Wakinywa chai ya rangi, Mama alimvuta Bitutu karibu. "Ungenyamaza mpaka mwisho, leo tungekuwa tunalia," alisema. "Mtihani una siku yake, na siku hiyo huchaguliwa na anayeufanya, anapokuwa tayari, si wanaosubiri kupiga makofi. Na ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kemuma, ambaye habari zilikuwa zimemfikia kabla ukungu haujainuka. Alimbeba Bitutu juu juu, akamzungusha.

"Niambie wewe, Bitutu, maana wewe ndiye redio yetu. Mama anaanza chuo lini, tuanze kuomba?"

Bitutu alifungua mdomo. Tarehe aliijua, ilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Akaufunga.

"Ngoja nimwite Mama," alisema, "akuambie mwenyewe."