Bakuli Lililorudi Tupu

Wasomaji wenzangu, leo nina mvi, lakini nilipotoka kwetu Busia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la sita. Asubuhi hiyo nilivaa viatu nikaondoka tu... bila mpango wowote! Jioni nilikuwa Kampala, enzi za utawala wa kijeshi.

Kasule, fundi baiskeli wa Kyebando, alinikuta sina pa kulala. Akanipeleka kwao. Mama yake akaniita mwanangu.

Miezi michache baadaye, tukiwa Nakasero, niliona polisi wakipakia magunia ya sukari ya duka la watu kwenye gari lao. Mdomo wangu huu! Nikauliza kwa sauti, "Afande, leo mnahamisha duka?" Watu wakacheka.

"Nani nasema hivyo?" polisi mmoja akafoka.

Kasule alikuwa mbele yangu, akinivuta tuondoke. Wakamkamata yeye. Alinitazama... nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza?

Kituoni, konstebo mmoja alimwambia Mama kwamba kosa ni dogo, tulete chakula tu. Kumwona Kasule tulikatazwa. Kila mchana nilipeleka matoke kwenye bakuli la bati, na bakuli lilirudi tupu.

"Rafiki yako iko sawa," konstebo alinichekea. "Nakula mpaka nalamba vidole!"

Mama alitaka kumwendea binamu yake mwanajeshi ili amtafute Kasule. Mimi nikamzuia! Nilimwambia tusiwaudhi polisi. Ukweli ni kwamba niliogopa binamu angejua ni nani aliyesema maneno yale.

Wiki ya tatu, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulifika, msimu wangu wa kwanza. Jirani alikaanga, nami nikajaza bakuli, nikampelekea rafiki yangu. Likarudi tupu. "Amesema tamu sana," konstebo akasema. "Kesho ongeza!"

Nikamsimulia Mama huku nikicheka. Kisu kikasimama kwenye ndizi aliyokuwa akimenya.

"Umempelekea nini?"

"Senene, Mama."

"Mwanangu... nyumba hii ni ya ukoo wa Senene. Ni mwiko kwetu. Kasule hajaonja senene tangu azaliwe. Afadhali angelala njaa."

Tukatazamana. Basi nani alikuwa anakula?

Binamu alikwenda kuuliza siku hiyo hiyo. Kumbe Kasule alitolewa kituoni jioni ile ile aliyokamatwa, akapakiwa kwenye gari lisilo na namba. Hajaonekana hadi leo! Wiki tatu tulimlisha konstebo.

Nilikiri kosa langu kwa Mama. Hakunifukuza. Aliliosha bakuli, akalifudikiza, asinitazame tena.

Ndugu zangu, mtu wenu akishikwa, msikubali kuambiwa anakula vizuri. Daini muuone uso wake! Na kama kosa ni lako, liseme papo hapo, hata ukitetemeka.

Kesho yake niliondoka. Nilishuka Kisumu, nikapata chumba kwa mjane mmoja mpole. Aliniletea sahani ya ugali na mboga. "Kula, mwanangu," akasema.

Aliporudi kuichukua, aliikuta imejaa.