Baiskeli Ibaki Nyumbani

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, Mama Pacha alifunga kamba za viatu vyake akatoka kukimbia. Saa moja na nusu alikuwa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, akitoa mashuka kwenye mashine. Pumzi alikuwa nayo. Miguu yake ilikuwa imara. Lakini mbio za kilomita arobaini na mbili zilikuwa zimemshinda mara tatu. Mara zote aliishia kilomita ya thelathini, penye mlima.

Wenzake wa kazini hawakumwacha. Walisema mtu haendi mlimani miaka mitatu bure, lazima ana kiwanja huko. Mama Pacha alicheka nao, ila moyoni iliuma. Alikwisha kumwambia mumewe kwamba safari hii akishindwa, viatu atavigawa.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi baiskeli. Alimpenda mkewe kupita kiasi, na hapo ndipo penye kasoro. Kwenye mazoezi alimfuata nyuma kwa baiskeli. Siku ya mbio alimngoja palepale mlimani. Kwenye keria alifunga mto laini, na kila mara alisema kwa upole, "Pole, mke wangu. Ukichoka, panda." Nani angekataa?

Jirani yao, binti mmoja, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali hiyohiyo. Asubuhi moja aliwaona wakirudi. Mke amekaa juu ya mto, mume anakanyaga pedeli huku jasho linamtoka. Aliwasimamisha akauliza tatizo ni miguu au pumzi. Mama Pacha alifikiri kidogo. Akasema si miguu wala pumzi. Akiukaribia ule mlima, husikia sauti kichwani ikimwambia hawezi.

"Basi, dada, miguu umeifundisha, akili bado," jirani akasema. "Na wewe shemeji, samahani, unamharibia. Mtu akijua mto upo nyuma yake, akili inaufuata mto."

Baba Pacha alinuna. Alisema kumhurumia mke si kosa.

"Si kosa, shemeji. Mhurumie akishafika."

Jirani aliketi nao mlangoni akawaeleza. Alisema uchovu humjia kila mkimbiaji, hata bingwa, kwa hiyo usimkute mtu hajajiandaa. Kila jioni Mama Pacha akae kimya dakika kumi, afumbe macho, auone ule mlima na kujiona akiupanda huku amechoka. Asihesabu kilomita zilizobaki. Achague kitu kilicho mbele yake, nguzo au kona, akifikie, kisha achague kingine. Tena awe na maneno mafupi ya kuijibu ile sauti. Ayazoee mazoezini, asingoje siku ya mbio.

"Ila sikiliza," aliongeza. "Uchovu unajibiwa. Kizunguzungu au maumivu ya kifua hayajibiwi. Hapo unasimama na kuomba msaada."

Mama Pacha alichagua maneno yake: "Shuka moja, kisha jingine." Ndivyo alivyofanya kazini. Rundo la mashuka hakuwahi kuliogopa, maana hakuwahi kulifua lote kwa mara moja. Jioni ya kwanza watoto wao pacha walimkuta amefumba macho, wakadhani amelala, wakamfunika kanga. Baba Pacha naye, shingo upande, akaufungua mto kwenye keria na kukubali baiskeli ibaki nyumbani siku ya mbio.

Miezi mitatu ikapita. Siku ya mbio, mlima ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo. Miguu ikawa mizito. Sauti ikaja: huwezi. Kwa mazoea Mama Pacha akageuka kumtafuta mumewe. Hakuwapo.

"Shuka moja," akasema kwa nguvu. Mkimbiaji wa pembeni akamwangalia mara mbili. Mama Pacha akaifikia nguzo. "Jingine." Akalifikia bango, kisha geti jeusi, kisha kona. Alipoinua macho kutafuta kitu kingine, barabara ilikuwa inateremka. Alipiga kigelegele peke yake, kilomita kumi na moja zikiwa bado mbele, wala hakuona haya.

Baba Pacha alisimama kwenye mstari wa mwisho na watoto. Alipomwona mkewe anakuja alisahau hata kupiga makofi. Alilia tu, mbele ya watu, pacha wakimvuta shati. Mama Pacha akavuka mstari mikono juu. Alikuwa wa mia tatu na kumi na mbili, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko namba hiyo.

Jumatatu aliwasimulia wenzake kuanzia kilomita ya kwanza. Hakuna aliyemtania. Wawili waliuliza mazoezi huanza saa ngapi. Msimamizi akataka kujua mshindi alikuwa nani.

"Sijui," Mama Pacha akajibu, akikunja shuka. "Sikuwa nashindana naye."