Kijiti cha Kupimia Mbuta

Mimi ni Mama Kalunde. Ninakaanga samaki hapa Kitengela. Jambo hili lilitokea mwaka wa 2004, na nikilikumbuka bado naona aibu.

Jirani yangu, Mama Ledama, ni Mmaasai, mfugaji. Kwao hawakuzoea kula samaki. Nilimtania miaka miwili.

"Onja tu, Mama Ledama! Haiumi!"

Siku moja akakubali. Nikampa samaki watatu wa aina ya mbuta, wadogo kama kiganja changu. Nilikuwa nimewapaka unga mwingi ili waonekane wanono. Akabandua unga kwa kidole, akawatazama.

"Hawa walikuwa wamezaa?"

"Ai! Nitajuaje? Samaki ni samaki."

"Sisi hatuchinji ndama hivi. Kesho utakamua nini?" Akasukuma sahani.

Wateja wote walisikia. Uso ulinichoma. Mmoja wao alikuwa Wamalwa, ofisa wa uvuvi aliyekuwa likizo.

"Mama Kalunde, amesema ukweli," akasema. "Mbuta asiyefika sentimita hamsini bado ni mtoto. Ziwa Victoria ni la Kenya, Uganda na Tanzania. Nchi zote tatu zimekubaliana hao wasivuliwe. Nchi moja ikilinda na nyingine ikilala, samaki watakwisha."

"Lakini mimi sina wavu! Niko huku Kitengela, mbali na ziwa."

"Wewe unanunua. Ukikataa, mvuvi atamuuzia nani?"

Munguti, aliyekuwa akiniletea samaki, aliwaficha hao wadogo chini ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nikimwona akiwafichua kila wiki.

Wamalwa akanikatia kijiti cha sentimita hamsini. Munguti alipokuja, nikapima. Wote walikuwa wafupi.

"Rudi nao," nikamwambia.

Akanitukana, akaenda. Wiki mbili karai langu la kukaangia lilikaa baridi, na nilipika sukuma wiki tupu nyumbani. Woi, nilitaka kumwita! Wiki ya tatu akaja mwenyewe, akiwa na mbuta wakubwa.

Nikamwita Mama Ledama. Nikampa kijiti apime mwenyewe. Samaki alikipita. Nikamkata vipande, nikakaanga bila unga. Mama Ledama akala kimoja polepole.

"Wale wa kwanza," akaniuliza, "ulijua ni watoto?"

Wateja walikuwa wamejaa. Nikainamisha kichwa.

"Nilijua."

Akanitazama kidogo. Kisha akanisogezea sahani.

"Haya, ongeza."