Kitanda cha Masalu

Masalu alikuwa seremala wa kijiji chetu cha ujamaa, kando ya ziwa. Vitanda vyake vya kamba havikulegea. Kile cha nyumbani kwake alikipenda kupita kiasi. Mkewe, Tereza, alikiita "mke mwenzangu".

Siku moja nesi Jovitha wa zahanati alituita mkutanoni.

"Kipindupindu kimeingia mjini," alisema. "Mitumbwi yetu inakwenda Igogo, huko huko mjini, kila siku. Tusingoje. Ghala la pamba liwe wodi, mbali na wagonjwa wengine. Tuweke maji yaliyochemshwa, sabuni, chumvi na sukari. Na vitanda vitobolewe katikati, ndoo ikae chini."

"Vitobolewe!" Masalu aliruka. "Kwa nini?"

"Mgonjwa anaharisha mfululizo, hawezi kuinuka. Uchafu ukiingia kwenye ndoo yenye dawa, hauambukizi wengine. Tena naona amepoteza maji kiasi gani, nami namrudishia."

"Unamwita mgeni ambaye hata hajabisha hodi. Kitanda changu hakiguswi!"

Masalu alipokwenda Igogo kuuza viti, Tereza na jirani zake walikibeba kitanda mpaka ghalani. Kamba za katikati zikakatwa.

Masalu aliporudi, hakuuliza habari za kitanda. Alikuwa akiharisha maji matupu, macho yameingia ndani. Huko alikuwa amekunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Tereza aliogopa sana, akalia. Lakini alijua pa kumpeleka.

Ghalani kila kitu kilikuwa tayari. Jovitha alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, bila kuchoka. Ndugu walikuja na vyungu vya uji, wakaombwa wabaki nje. Tereza peke yake alimuuguza, akinawa kwa sabuni kila alipomgusa.

Nguvu zilipoanza kurudi, Masalu alipapasa mguu wa kitanda.

"Mama Malimi, kitanda hiki ni changu."

"Ni chako, baba Malimi. Utanigombeza ukipona."

Alipona, na hakumgombeza. Nyumbani kwake hakuna mwingine aliyeugua. Siku ya kutoka, Tereza alitaka kukichukua kitanda.

"Kiache," Masalu alisema. "Kuna mtu atakihitaji."

Msimu ule alilala mkekani. Kamba zote alizosokota alisukia vitanda vya ghalani, na vitanda hivyo havikukatwa kamba na mtu. Tundu la katikati aliliacha mwenyewe alipokuwa akisuka.