Alama Tatu Kila Ukurasa

Hakuna printa duniani isiyonijua. Nikiingia tu chumbani, inasimama wima kama askari aliyemwona mkubwa wake. Karatasi zinatoka safi, wino unakaa mahali pake, hata nyaya zinajinyoosha zenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wenzangu darasani, tena kwa sauti, maana jina langu la utani ni Redio, na redio hainong'oni.

Mama ana duka la kuchapa. Ni chumba kimoja chenye kaunta, kompyuta, rafu ya rimu za karatasi na printa moja kubwa, ambayo Mama huifunika kila jioni kwa kitambaa cheupe cha shela isiingiwe na vumbi. Kwa sababu ya kitambaa hicho tunaiita Bibi Harusi. Likizo zote ratiba yangu ni ileile: nafagia, napangusa kaunta, namvua Bibi Harusi shela yake, kisha naketi kwenye kiti cha magurudumu kungoja wateja. Kiti kile kilikuwa changu. Nalisema hilo mapema ili mnielewe.

Likizo hii akaja binti wa mjomba. Tumepishana miezi miwili tu, lakini tunamwita Taratibu, kwa sababu ukimuuliza swali unaweza kunywa chai kwanza ndipo ujibiwe. Nilimkaribisha vizuri. Nilimpa hata nusu ya kitanda changu. Sikujua kwamba angechukua na nusu ya mama yangu.

Siku ya tatu, barua ya mteja ilitoka imepauka upande mmoja, kama nguo iliyosahaulika juani wiki nzima. Nikatoa hukumu palepale.

"Tona imekwisha, Mama. Nunua nyingine."

Tona ni ule wino wa unga unaokaa ndani ya kasha lake, yaani katriji. Taratibu akaitazama barua. Akaitazama tena. Mteja akapiga miayo.

"Shangazi," akasema mwishowe, "mbona upande huu maandishi yamekolea? Labda unga umelalia upande mmoja."

Akachomoa katriji, akaitikisa polepole kushoto na kulia kama anayembembeleza mtoto mchanga, akairudisha. Barua ikatoka nyeusi tititi, kote kote.

"Mwanangu!" Mama akasema. "Umeniokoa."

Mwanangu! Neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama palepale, ameshika ufagio.

Tangu hapo ikawa Taratibu hiki, Taratibu kile. Nikisema jambo, Mama anajibu, "Ngoja tumsikie na mwenzako." Kisha Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani akaleta kazi: mitihani ya majaribio ya darasa zima, ataichukua kesho yake saa sita mchana.

"Akiridhika, kazi zote za shule yake atazileta hapa," Mama akatuambia. "Asiporidhika, hatumwoni tena. Kwa hiyo kesho Taratibu atakaa kwenye mashine. Redio, wewe utapiga pini."

"Pini?"

"Stepla ile pale. Bibi Harusi kesho ana mpambe mwingine."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa natafuta pa kuutua wivu wangu, nikapata wazo. Ningemroga Bibi Harusi kidogo tu, kisha kesho nimponye mwenyewe mbele ya watu. Mchawi mimi, mganga mimi.

Mchana huo Mama alikwenda kununua rimu, Taratibu akaenda kuchota maji. Nilikuwa nakula viazi vya kukaanga. Nikajifuta vidole kwenye sketi, nikafungua printa na kuchomoa katriji. Nikainua kifuniko chake kidogo, nikaona silinda ya kijani inayong'aa kama mgongo wa mbawakawa. Nikaigusa kwa gumba la kulia, lile lililokatwa na kopo nilipokuwa darasa la tatu. Kugusa tu, jamani! Kisha nikairudisha katriji bila kuisukuma hadi mwisho.

Asubuhi printa iligoma. Taa nyekundu ikawaka. Mama akashika kiuno, Taratibu akainama kuchungulia.

"Nipisheni!" nikasema.

Nikaweka sikio juu ya mashine kama daktari. Nikaigonga mara mbili. Nikafungua, nikasukuma katriji, ikalia ka! Taa ikawa ya kijani.

"Bibi Harusi alikuwa anamtaka anayemjua," nikatangaza.

Mama akacheka. "Haya, kaa kwenye kiti chako, fundi."

Nikakaa. Karatasi zikamiminika. Nikazunguka na kiti mara moja, nikazunguka mara ya pili, nikimtazama Taratibu na stepla yake. Utamu ule ulidumu kurasa arobaini.

"Redio," Taratibu akaita, "hebu simamisha. Kuna madoa."

Kila ukurasa ulikuwa na madoa matatu ya kijivu. Moja lilikuwa limetua juu ya mchoro wa jani katika swali la nne, na jani la watu likaonekana lina ukurutu. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Karatasi hizi ni mbovu," nikasema haraka. Mama akafungua rimu mpya, akachapa ukurasa mmoja wa jaribio. Madoa yaleyale matatu.

"Basi ni huyu!" Maneno yalinitoka kabla sijayapima. "Nani aliyeingiza mikono humo na kutikisatikisa? Kabla hajaja, tulikuwa na madoa sisi?"

Mama akamgeukia Taratibu. "Uliifungua tena jana?"

"Hapana, Shangazi. Lakini kama ni mimi niliyeiharibu, nitarudi nyumbani."

Moyo wangu ulipaswa kucheza ngoma. Badala yake ulikaa kimya kama mteja aliyesahau alichofuata.

Taratibu akajifuta machozi kwa mkono, akachukua rula. Akapima kutoka doa la kwanza hadi la pili, kisha kutoka la pili hadi la tatu. Akachukua ukurasa mwingine, akapima tena. Mama alikuwa anaitazama saa ya ukutani, ila hakumharakisha.

"Sentimita tisa na nusu. Kila mara tisa na nusu," Taratibu akasema. "Shangazi, kama ni uchafu wa karatasi, madoa yangekuwa ovyoovyo. Hiki ni kitu kinachozunguka. Kikimaliza mzunguko mmoja, kinapiga muhuri."

Akachomoa katriji, akainua kile kifuniko kidogo, akaigeuza silinda polepole. Akasimama hapo hapo. Akaitazama silinda, akautazama mkono wangu, akanitazama mimi usoni. Akachukua kitambaa kikavu na laini, akaipangusa silinda bila kuigusa kwa kidole.

Ukurasa uliofuata ulitoka mweupe kama maziwa. Tukachapa upya zile arobaini na zote zilizobaki, tukapiga pini sote watatu. Saa sita Mwalimu Mkuu akafunua mtihani mmoja, akafunua wa pili, akasema, "Hapa ndipo tutakapokuwa tunakuja."

Alipoondoka, Mama akaketi. Mkononi alikuwa na ukurasa mmoja wenye madoa.

"Wivu una mikono michafu," akasema bila kututazama. "Mtu akiona mwenzake anasifiwa, badala ya kujifunza anachokijua mwenzake, anakwenda kumharibia. Kumbe anaharibu kazi inayowalisha wote."

"Kabisa, Mama!" nikadakia, nikitikisa kichwa kuliko mtu yeyote. "Wivu mbaya sana. Taratibu, umesikia?"

Mama akauweka ukurasa mbele yangu. Ndani ya doa kulikuwa na mistari myembamba ya mviringo, na mstari mmoja mweupe uliokata mshazari.

"Lete gumba la kulia."

Nikalificha mgongoni. "La nini, Mama?"

"Lisalimiane na ndugu yake."

Nikalilaza kando ya doa, kovu likiwa juu. Lilikuwa lilelile, mshazari uleule. Ningemkana mtu mmoja, labda hata wawili. Lakini kurasa arobaini, kila moja na madoa matatu, ni mashahidi mia moja na ishirini, na wote walikuwa na kovu langu.

"Uliyemsingizia huyo hapo," Mama akasema.

Nikamgeukia Taratibu. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, redio ikakosa mawimbi.

"Jipange tu," Taratibu akaniambia, akinisogezea stepla. "Mimi sina haraka."